Wale Wawili wa Chumba cha Juu

Jumapili, 7 Januari 1973

Mvua tangu asubuhi. Nimeanza daftari hili kwa sababu barua ya mama imenichukua siku tatu. Kalamu yangu imekuwa nzito kama ya mtoto wa darasa la pili. Basi nitaandika kidogo kila watoto wakiniruhusu, na wasiponiruhusu nitaandika mstari mmoja.

Nikizeeka nikasahau, mambo yalikuwa hivi. Tunakaa Nechells, huku Uingereza, vyumba viwili vya chini, mimi na mume wangu Cleopas, Wakesho wa miaka mitatu na Mwadime wa miezi tisa. Cleopas yuko kiwanda cha chuma, na jioni mbili kwa wiki anasoma chuo. Nyumba ni ya Mama Swaran, mjane wa Kisikh kutoka Kisumu, anayekaa vyumba vya nyuma. Chumba cha juu wanakaa wanaume wawili. Karmnu ni mtu wa Malta, mwokaji mikate. Leonard ni Mwingereza, fundi wa saa huko Hockley, mwembamba, na kifua chake hakipatani na baridi. Leonard ndiye aliyenitafutia kazi kwenye karakana iliyo jirani na yake, kufunga pini nyuma ya beji, saa saba mpaka saa kumi na moja. Karmnu anamaliza kuoka kabla ya saa sita, kwa hiyo mchana anakaa na watoto wangu. Malipo hataki. Anasema mtoto ni kama donge la mkate, ukimpa joto na kumwacha atulie ataumuka mwenyewe.

Jumatano, 10 Januari

Mvua. Beji mia sita. Vidole havikunjiki.

Jumamosi, 13 Januari

Wakesho ameshuka kutoka juu akihesabu Kimalta mpaka tano. Mimi mama yake nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Cleopas amecheka: "Huyu tutamwoza Umoja wa Mataifa."

Jumapili, 21 Januari

Leo nimefanya jambo.

Ushirika wetu hukutana kwa Dada Roselyne, Alum Rock, ghorofani juu ya duka la nguo. Yeye ni nesi, mkubwa kwetu, nasi tuko kama kumi na wawili, karibu wote Wakenya. Utaratibu ni ule ule tuliotoka nao nyumbani: mtu anasimama, anashukuru au anatubu mbele ya wote bila kuficha, kisha tunaimba. Mimi si msemaji, lakini leo moyo ulikuwa umejaa. Nikasimama.

"Bwana asifiwe. Namshukuru Mungu kwa majirani zangu wa juu, Karmnu na Leonard. Wananishikia watoto ili nifanye kazi. Wana upendo wale, jamani. Sufuria moja, kitanda kimoja, mwaka wa saba huu, na sijawasikia wakigombana."

Nilingoja amina. Haikuja. Mtu mmoja akakohoa. Dada Roselyne akamtazama Cleopas, Cleopas akaangalia viatu vyake. Nikakaa, nikidhani labda nimeacha titi nje.

Tulipofika nyumbani, Cleopas alifunga mlango akaniambia kitanda kimoja maana yake nini. Kwanza nilicheka. Kwetu Wundanyi wajomba zangu wakija matangani wanalala wanne kitanda kimoja, na hakuna anayeuliza. Wanaume wanashikana mikono kutoka sokoni mpaka nyumbani. Nitajuaje mimi?

"Edah," akasema, "hawa si wajomba zako."

Kicheko kikaniishia. Nikaanza kukumbuka vitu ambavyo nimekuwa nikivitazama bila kuviona. Leonard anavyomfunga Karmnu skafu kabla hajatoka, na kuipapasa mara mbili. Kama ninavyomfanyia Cleopas.

Sijui niliweke wapi jambo hili. Nimefundishwa ni dhambi, na waliponifundisha sikuwa na maswali. Cleopas amesema watoto wasipande juu tena.

Jumatatu, 22 Januari

Nimemdanganya Karmnu kwamba Mwadime ana homa. Nimewaacha watoto kwa Mama Swaran, nimechelewa kazini. Niliporudi nikakuta mkate mdogo wa moto umefungwa taulo mlangoni, kwa ajili ya mgonjwa. Mgonjwa ameula wote.

Alhamisi, 25 Januari

Ukungu. Uongo wa homa umeisha, leo nimesema ni tumbo.

Jumapili, 28 Januari

Dada Roselyne ametoa ombi la sala: "Tuikumbuke nyumba moja ya Nechells, na watoto wadogo walio ndani yake." Watu wote wakainamisha vichwa. Nilijiona kama niko uchi katikati ya chumba. Kisha kwenye chai akanijia na sahani ya biskuti.

"Mdogo wangu, usiwe na wasiwasi. Jana nilipita nikazungumza na mwenye nyumba wako. Kwa upendo kabisa."

"Ulizungumza naye nini, dada?"

"Ukweli. Wewe mwenyewe si ndiwe uliyeshuhudia mbele yetu?"

Jumanne, 30 Januari

Mama Swaran aliniita jikoni kwake. Anasukuma chapati huku anasema, na Kiswahili chake ni kile cha dukani Kisumu, miaka arobaini hakijabadilika.

"Mama Wakesho, kuja. Kaa. Ile maneno ya juu, nani alipeleka kanisani? Wewe?"

"Ni mimi, Mama Swaran. Sikujua."

"Hapana jua! Macho iko, pua iko, hapana jua." Akapiga chapati mgongo. "Mimi najua mwaka ya kwanza. Mimi nasema kitu? Nasema hapana. Wanafagia ngazi, hawapigi kelele, wananiuliza hali ya goti. Sasa ile nesi yako anakuja hapa anasema polisi, anasema sheria, anasema watoto."

Cleopas aliwauliza wenzake kiwandani kuhusu sheria. Wanasema tangu miaka sita iliyopita wanaume wawili wazima hawafungwi tena, lakini lazima wawe faragha, na nyumba yenye wapangaji wengine labda haihesabiki faragha. Labda. Hakuna anayejua sawasawa, na hiyo labda ndiyo inayomtisha Mama Swaran. Alingoja miaka mitatu na pasipoti yake ya Kiingereza mkononi ndipo wakamruhusu kuingia. Mtu wa namna hiyo hataki polisi mlangoni hata akiwa amekuja kuuliza njia.

"Nimewaambia watoke Pasaka," akasema. Akanikabidhi chapati nne za moto, hakunitazama. Nimezila kwa machozi na chumvi yake.

Ijumaa, 2 Februari

Nimekutana na Leonard kwenye ngazi. Amevua kofia, amenisalimu. Ningependa angenitukana.

Jumatano, 7 Februari

Theluji kidogo, imeyeyuka kabla Wakesho hajavaa viatu.

Jumapili, 11 Februari

Sikwenda ushirika, nimesema naumwa kichwa. Nilikuwa nafua nepi kwenye beseni Karmnu alipobisha. Cleopas alikuwa ametoka na watoto. Ameshika barua yenye stempu za kwao.

"Misis, nina habari na sina wa kumwambia. Leonard amelala, kifua kimemshika."

Akasimama pale pale mlangoni, hakutaka kuingia bila mume wangu kuwapo, akanisomea. Ni barua ya dada yake. Bunge la kule Malta limefuta ile sheria. Kisiwa chenyewe, anasema, ukipanda paa la kanisa unaona bahari pande zote, na makanisa ni mengi kuliko visima. Mapadri wamekasirika, na sheria imepita. Alipokuwa na miaka ishirini na miwili polisi wa kijijini alimwambia achague, jela au meli. Akachagua meli. Baba yake amekufa, hakumzika. Mama yake hajamwona miaka kumi na miwili.

"Sasa kule siwezi kufungwa," akasema, "na hapa nafukuzwa." Akacheka, lakini macho yalikuwa mengine.

Nikaacha nepi. Maji yakawa yananichuruzika viwikoni. "Karmnu, ni mimi. Ni mdomo wangu."

"Najua. Mama Swaran ameniambia. Lakini ulisema nini hasa?"

Nikamwambia, neno kwa neno. Sufuria moja, kitanda kimoja, namshukuru Mungu. Aliniangalia, halafu akaketi kwenye ngazi akacheka mpaka akashika mbavu.

"Ulitushukuru? Kanisani? Kwa sauti?"

"Kwa sauti."

"Mama mia! Miaka saba, hakuna mtu aliyewahi kumshukuru Mungu kwa ajili yetu. Ngoja nimwambie Leonard, atapona."

Kisha akanieleza, taratibu, yaliyo mbele. Hakuna mwenye nyumba anayepangisha chumba kimoja kwa wanaume wawili wa umri wao. Wameshauliza sehemu tisa. Leonard ana dada yake anayekaa Dudley, atampokea yeye peke yake, na kwa sharti. Karmnu atarudi kwao. "Tutaandikiana barua," akasema, kama mtu anayesema tutakula mawe.

Sijawahi kuomba msamaha nikiwa nimelowa hivyo.

Jumatatu, 19 Februari

Watu wa gesi wamegoma. Moto wa jiko ni kama wa kiberiti. Uji umechukua saa nzima.

Alhamisi, 22 Februari

Ndani ya kichwa changu wanagombana wawili. Mmoja ni mwalimu wangu wa Jumapili. Mwingine hana jina, ananiuliza tu: wewe Edah, umeona ubaya gani? Nataja nilivyoona. Mkate ndani ya taulo. Skafu. Wakesho akihesabu. Nimechoka kuwasikiliza, nimelala saa mbili na watoto.

Jumapili, 4 Machi

Nimekwenda ushirika. Nimesimama kutubu. Nilikuwa nimefanya mazoezi kwa beji mia nane.

"Bwana asifiwe. Ndugu zangu, nimetenda dhambi. Nilichukua nyumba ya majirani zangu nikaileta hapa nikaimwaga sakafuni. Sikujua ninachofanya, lakini nimefanya. Kwa ajili ya ulimi wangu watu wawili wanakosa pa kukaa. Natubu. Nimekwenda kwao nikawaomba msamaha, wakanisamehe siku ile ile. Na nasema mbele yenu, anayeibeba habari hii kuipeleka mbali zaidi, asiseme imetoka kwangu. Mimi nimeitua."

Kwa desturi yetu mtu akitubu hatumbishii. Tunaimba. Basi ilibidi waimbe! Wengine walianza chini chini, lakini waliimba, na Dada Roselyne mwenyewe ndiye aliyetoa sauti ya pili, kwa maana hawezi kuvumilia wimbo usio na sauti ya pili. Mlangoni alinishika mkono.

"Umenichoma, mdogo wangu."

"Sikukutaja, dada."

"Ndiyo maana." Akanifunga koti kifungo cha juu. "Sijakubaliana nawe. Lakini kwa mwenye nyumba wako sirudi."

Tulitembea mpaka nyumbani, Cleopas mbele na Wakesho mabegani, mimi nyuma na Mwadime.

Jumatatu, 5 Machi

Tumesemezana. Nilimwambia Cleopas kwamba kesho watoto wanapanda juu.

"Mama Wakesho, mimi ndimi baba wa nyumba hii."

"Wewe ndiwe. Nami ndimi ninayewaacha nikienda kazini, na najua mikono ninayowaachia."

"Biblia imesema."

"Imesema. Na sikuombi uifute. Nakuuliza, miezi kumi wanatulelea watoto, umeona nini?"

Cleopas ana jambo moja nililompendea tangu Wundanyi, hawezi kusema uongo hata wa kumfaa. Alikaa, akakunja magazeti, akayakunjua. "Sijaona kitu," akasema. Akavaa koti akaenda kutembea kwenye mvua. Alirudi amelowa, akala, hakusema ndiyo wala hapana.

Jumanne, 6 Machi

Watoto wamepanda. Karmnu amefungua mlango, amewaona, amegeuka ukutani kwanza ndipo akawapokea.

Ijumaa, 9 Machi

Nimemweleza Mama Swaran habari za bunge la Malta. Aliacha kuchambua dengu.

"Ile kisiwa ya mapadri? Imeacha?"

"Imeacha."

Akachambua kidogo. "Basi mimi hapa Nechells nakuwa mkali kupita padri." Kisha akaniinulia kidole. "Sasa nesi hakuji tena, sawa. Lakini bwana yako? Yeye iko chini ya paa yangu. Yeye akienda polisi, maneno kwisha. Wewe unaweza sema kwa ajili yake?"

Sikuweza. Cleopas huwapita kwenye ngazi kama watu wa kwenye picha. Nikasema, "Muulize mwenyewe." Akasema hataki kuuliza swali ambalo hajui jibu lake. Pasaka inabaki Pasaka.

Jumamosi, 17 Machi

Jua! Nimeanika shuka nje. Zimekauka na masizi.

Jumatano, 28 Machi

Leonard ameanza kufunga vitabu vyake kwenye maboksi ya mikate.

Jumatano, 4 Aprili

Nataka niandike yote, nisikose hata moja.

Cleopas alikuwa nyumbani, wiki hii ana zamu ya usiku. Saa tano na nusu akabisha mtu wa kaunsili, kijana mwenye mkoba na fomu. Wanapita kila nyumba yenye wapangaji, kuhesabu watu na vitanda, wasije wakajaa kupita kiasi. Mama Swaran alikuwa amekwenda sokoni. Karmnu alikuwa bado tanurini. Leonard alikuwa juu, kifua.

Alianza na sisi. Wangapi? Wanne. Watoto ni wenu wote wawili? Cleopas akasema ndiyo. Mnacho cheti cha ndoa? Cleopas akakitoa kwenye Biblia, akampa. Yule kijana akakisoma mbele na nyuma kama noti ya bandia. Akafungua kabati. Akainua godoro letu kwa ncha ya kalamu. Akaenda kwenye sinki akahesabu miswaki, na midomo yake ilikuwa inahesabu, niliiona. Kisha akauliza, kwa adabu kabisa, kama kuna mwanaume mwingine anayelala hapa Cleopas akiwa zamu ya usiku.

Sijawahi kumwona mume wangu hivyo. Hakupandisha sauti. Shingo tu ilibadilika. Akasema, "Hapana."

"Na juu?" kijana akauliza, tayari mguu uko kwenye ngazi.

Tukamfuata. Leonard alisimama juu pale mlangoni kwake, na sweta lake, mkono mmoja kwenye mbao. Alikuwa mweupe kama karatasi. Kijana akachungulia ndani kwa juu ya bega lake, akaandika, akasita. Akamgeukia Cleopas, si Leonard.

"Wanaume wawili, kitanda kimoja. Nahitaji uhusiano wao. Wewe unaishi hapa, utakuwa unajua."

Nikamkaza Mwadime mgongoni. Nikaomba, lakini sikujua niombe nini, kwa maana uongo Cleopas hasemi, na ukweli ungewamaliza. Leonard alifumba macho.

"Mimi ni mtu niliyeokoka," Cleopas akasema kwa Kiingereza chake cha polepole. "Sisemi uongo. Kwa hiyo niulize ninachokijua. Chumba hiki wanakaa watu wawili. Wanafanya kazi. Ngazi uliyopanda wameifagia wao. Watoto wangu wanashinda nao, na ninawapata jioni wakiwa wazima na wameshiba. Hayo ninayajua."

"Bwana, fomu ina sehemu ya—"

"Fomu yako ni ya kujua kama tumejaa. Watu wawili, chumba kikubwa. Wamejaa?"

"Hapana, lakini—"

"Andika wawili."

Yule kijana alimtazama Cleopas, akamtazama Leonard, akatazama saa. Akaandika wawili. Niliona kalamu. Alishuka, akasema siku njema, akafunga mlango taratibu.

Leonard alitaka kusema kitu, kikohozi kikamzuia. Cleopas akamshika kiwiko akamkalisha kwenye kiti, akasimama pale bila kujua mikono yake aiweke wapi. Alikuwa hajawahi kuingia chumba kile. "Kuna baridi hapa," akasema hatimaye. "Dirisha lenu linavuja. Jumamosi nitaleta putini nilizibe."

Chini, alikaa kitandani kwetu akavua kiatu kimoja. "Alihesabu miswaki yetu, Edah. Umeona?"

"Nimeona."

"Na godoro. Kwa kalamu."

Nimechelewa kazini dakika arobaini. Msimamizi amefoka, nami nilikuwa nacheka peke yangu.

Alhamisi, 5 Aprili

Mama Swaran amemwuliza Cleopas lile swali kwenye ngazi, mikono kiunoni. "Baba Wakesho, wewe nasema nini juu ya watu ya juu?" Cleopas akajibu, "Mama, nasema dirisha lao linavuja, na wewe ndiwe mwenye nyumba." Mama Swaran alicheka mpaka chunni, ule mtandio wake, ikamtoka kichwani. Neno Pasaka halikutajwa tena. Leonard amefungua maboksi.

Jumamosi, 7 Aprili

Dirisha limezibwa. Wamebishana juu ya putini saa mbili nzima, Karmnu na Cleopas, kila mmoja anajua zaidi. Cleopas bado anasema ni dhambi. Amemwambia Karmnu hivyo hivyo usoni, mkononi ameshika kisu cha putini. Karmnu akamjibu, "Mama yangu naye anasema hivyo. Pitisha kisu."

Jumapili, 15 Aprili

Barua ya pili ya dada yake. Mama yao anamtaka Pasaka. Ameandika: "Njoo na mtu wako. Mama hasemi kitu. Ametandika kitanda kikubwa chumba cha nyuma na kingine kidogo sebuleni, na amesema mtajipanga wenyewe." Karmnu ameisoma kwa sauti mara tatu, ya tatu kwa Mama Swaran, ambaye alisema yule bibi ana akili na angependa kumwona.

Alhamisi, 19 Aprili

Wameondoka asubuhi, treni ya London kisha ndege, wiki mbili. Leonard amevaa suti yenye harufu ya nondo. Karmnu amenyoa mpaka amejikata. Alisema mama yake alimwona mara ya mwisho akiwa na nywele nyeusi, je, atamtambua? Mama Swaran akamwambia mama hatambui kwa nywele.

Nilidhani watoto watalia. Wakesho aliwapungia, kisha akamwuliza baba yake, kwa Kiswahili, sijui kimetoka wapi siku hiyo: "Baba, watarudi?"

"Watarudi. Si ndiko kwao juu?"

Akasema hivyo huku anamfunga kamba ya kiatu, kama jambo la kawaida, wala hakuinua uso kuona kama nimesikia. Kazini sijaenda, hakuna wa kunishikia watoto wiki hizi mbili. Nimelala mchana saa nzima, sote watatu, dirisha wazi.